Viti Vinne si Watu Wanne: Namna ya Kupanga Safari Ndefu kwa Ndege Ndogo ya Kukodi



Anayepanda ndege ya ratiba hukuta mambo mengi yamekwisha kuamuliwa kwa niaba yake: saa ya kuondoka, kiasi cha mafuta, uzito wa mizigo na kiwanja cha akiba. Anayekodi ndege ndogo nzima huingia mwenyewe katika maamuzi hayo, hata kama hajui. Idadi ya abiria, mizigo, siku na saa ni chaguo lake, na kila moja hugusa usalama wa safari. Katika somo hili tunaeleza mambo anayopaswa kuyafahamu kabla ya kulipa.

Mfano wetu ni safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kupitia Dodoma na Tabora. Vipande vyake vitatu vina takriban kilomita 390, 345 na 350, yaani jumla ya kilomita 1,085. Ndege ni Cessna 172S, yenye injini moja na viti vinne. Tuchukulie kwamba abiria ni watatu, na kwamba wanakwenda kuhudhuria harusi.

1. Nani ana haki ya kukubeba kwa malipo?

Leseni ya urubani binafsi humruhusu mwenye nayo kurusha ndege kwa shughuli zake. Haimruhusu kubeba abiria kwa malipo. Anayefanya biashara hiyo sharti awe na leseni ya urubani wa biashara, na kampuni au mmiliki awe na kibali na cheti cha uendeshaji kutoka kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwa hiyo, omba kuonyeshwa cheti hicho, na uangalie kama aina ya ndege utakayopanda imo ndani yake. Andika pia namba ya usajili iliyochorwa ubavuni. Ndege zilizosajiliwa Tanzania huanza na 5H.

Bei ya "rafiki mwenye ndege" huvutia, lakini mtumiaji ajiulize: ajali ikitokea, bima italipa? Bima ya ndege binafsi iliyokuwa ikibeba abiria kwa malipo kinyume cha sheria yaweza kukataa madai, na familia ikabaki na msiba pamoja na madeni.

2. Hesabu ya uzito

Ndege hii haipaswi kuruka ikiwa na uzito unaozidi kilo 1,157. Tuchukulie kwamba ikiwa tupu ina kilo 770. Zinabaki kilo 387 kwa ajili ya mafuta, rubani, abiria na mizigo. Matangi yakijaa, mafuta yanayotumika ni takriban lita 200, ambazo ni kama kilo 145. Zinabaki kilo 242. Rubani mwenye kilo 80 akiisha kukaa, zinabaki kilo 162: abiria wawili wenye kilo 70 kila mmoja na mizigo ya kilo 22. Abiria wa tatu hana nafasi, ingawa kiti chake kipo.

Ndiyo maana tunasema viti vinne si watu wanne. Ukiulizwa uzito wako, sema ulio wa kweli, ukiwa umevaa na umeshika mkoba. Kilo unazozificha kwa haya hazifichiki kwa ndege.

3. Hesabu ya mafuta

Je, abiria wa tatu aachwe nyumbani? Si lazima. Rubani aweza kupunguza mafuta na kujaza njiani. Tuchukulie mwendo wa kilomita 200 kwa saa na matumizi ya lita 35 kwa saa. Kufika Dodoma ni saa mbili: lita 70. Tuongeze lita 10 za kuwasha na kupaa, na akiba ya dakika 30, ambayo ndiyo kiwango cha chini cha kimataifa kwa safari za mchana za kuona kwa macho. Jumla ni takriban lita 98, yaani kilo 70. Sasa abiria wote watatu wanaenea, pamoja na mizigo ya kilo 27.

Lakini mpango huu unasimama juu ya sharti moja: petroli ya ndege ipatikane Dodoma siku hiyo. Injini hii haitumii mafuta ya jeti, na haifai kudhani kwamba kila kiwanja kina petroli ya ndege. Ikikosekana, itabidi kubeba mafuta ya kufika Tabora moja kwa moja, takriban lita 156 au kilo 112. Abiria na mizigo watabakiwa na kilo 195, na watu watatu peke yao wana 210. Mwulize mwendeshaji: mafuta yatajazwa wapi, na nani amethibitisha kwamba yapo?

4. Joto na mwinuko

Dar es Salaam iko usawa wa bahari. Dodoma iko karibu mita 1,100 juu yake, na Tabora karibu mita 1,200. Hewa ya juu na yenye joto ni nyepesi, hivyo injini hupungukiwa nguvu na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kupaa. Uzito uliokubalika pwani asubuhi waweza kukataliwa Tabora mchana. Rubani akipunguza mzigo huko, anafuata hesabu, hakuonei.

5. Saa ya mwisho ya kuondoka

Angani ni takriban saa tano na nusu. Tukiongeza saa moja katika kila kituo, safari ni saa saba na nusu. Kigoma jua huzama karibu saa 1 usiku. Tukiacha saa moja ya dharura, mwisho wa kuondoka Dar es Salaam ni saa 4 na nusu asubuhi. Atakayeondoka saa 6 mchana atafika gizani. Kubalianeni saa hiyo siku moja kabla, wakati hakuna mwenye haraka. Kuondoka mapema kuna faida nyingine: wakati wa mvua, mawingu ya radi hukua zaidi alasiri.

6. Siku moja ya ziada

Harusi ikiwa Jumamosi, usisafiri Jumamosi, wala usipange kufika Ijumaa jioni bila nafasi ya kuchelewa. Abiria anayemwambia rubani "tutakosa harusi" anaweka uzito ambao mizani haiuoni. Uamuzi wa rubani wa kutoruka ni sehemu ya huduma uliyoilipia. Kwa hiyo mkataba uandikwe, na useme: nani atalipa malazi hali ya hewa ikizuia safari, fedha zitarudishwa vipi ikiahirishwa, na kama bei inajumuisha ada za viwanja na ndege kurudi tupu.

Siku ya safari, chukua mifuko laini badala ya masanduku magumu, usibebe petroli wala mitungi ya gesi, na ukumbuke kwamba ndege hii haina choo. Mwachie ndugu namba ya usajili, njia na saa ya kufika.

Maswali ya kujipima

1. Ndege ya mfano wetu ikijaa mafuta, abiria wawili wenye kilo 85 kila mmoja wanaweza kusafiri bila mizigo?
2. Mwendeshaji akikwambia "mafuta tutayapata mbele ya safari," utamwuliza nini?

Jibu la swali la kwanza ni hapana: wana kilo 170, na nafasi ni 162. La pili tunakuachia, kwa kuwa utakayemwuliza yuko mbele yako.