Redio ya Upepo ya Kampuni Ihamie Masafa ya Ridhaa

Ilipofika Januari 1, 2013, Marekani ilizitaka kampuni na idara nyingi zinazotumia VHF na UHF zibane chaneli zao kutoka kilohetsi 25 hadi 12.5. Redio za upepo zisizobanika zikang'olewa magarini zingali nzima. Amri hiyo haikuwahusu waredio wa ridhaa, nao wakazichangamkia.

Chukua Motorola GM300, redio ya garini ya miaka ya 1990. Kabla ya kutoa pesa, soma namba ya modeli kwenye kibandiko chake, kwani ya VHF ilitoka kwa aina mbili: megahetsi 136 hadi 162, na 146 hadi 174. Hiyo ya pili humfaa Mmarekani, ambaye masafa yake ya ridhaa hufika 148. Sisi Afrika tunaishia 146, pale pale redio hiyo inapoanzia. Tafuta ya kwanza.

Kuipanga kunahitaji programu ya DOS iitwayo RSS na kisanduku kiitwacho RIB, kinacholinganisha volti za kompyuta na za redio. Kompyuta mpya huikimbiza mno programu hiyo; ya zamani yenye tundu la pini 9 ndiyo salama. Usitegemee umeme unaokatika: ukizimika katikati ya kuandika, redio inaweza kugoma kabisa.

Soma kwanza kilichomo, ukihifadhi kwenye diski. Kisha futa chaneli zote za mwenye redio wa awali. Hapa sina mzaha: huenda moja ni ya gari la wagonjwa, na kidole kikiteleza utamziba mtu anayeomba msaada.

Ndipo uweke zako. Ripita unayoisikiliza 145.600 kwa kawaida huirushia 145.000, kilohetsi 600 chini, pamoja na toni yake ikiwa inayo. Bila toni hiyo utaita mpaka ukauke koo.

Leseni ya ridhaa iwe mkononi kabla ya kurusha: Tanzania hutolewa na TCRA, Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano. Jaribio la kwanza lisiende kwenye antena. Ipe redio volti 13.8, funga mahali pa antena kipingamizi cha omu 50 kinachohimili nguvu zake, bonyeza kitufe cha kusemea kwa sekunde chache, upime wati na masafa.