Mbwa Mkali na Dhamana ya Mwenyewe

Katika darasa yetu tuliulizwa swali ambalo zamani lilikuwa nadra kusikiwa katika miji ya pwani: Je, Mwislamu aweza kufuga mbwa mkali nyumbani kwake? Na mbwa huyo akimwuma mtu, mdaiwa ni nani? Swali hili si la upuuzi. Siku hizi nyuma ya kuta ndefu na malango ya chuma hufugwa mbwa wa kigeni wenye nguvu nyingi, mfano wa hao waitwao Rottweiler, na watoto wa jirani hupita hapo wakienda chuoni. Basi twaona yatupasa kulijibu, na tuanze mbali na pwani, huko Gotu.

Gotu ni mahali katika Isiolo, penye maporomoko ya mto Ewaso Ng'iro. Waborana wa huko, ambao wengi wao ni ndugu zetu katika dini, maisha yao ni ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Nchi ile ina simba, chui na fisi. Usiku wanyama hutiwa katika boma la miiba, na mbwa hulala karibu. Fisi akinyemelea, mbwa hubweka na mchungaji huamka. Kazi ya mbwa yule si kupigana na simba, wala si kuwatisha wageni. Kazi yake ni kumwamsha mwenyewe. Ana haja naye, naye amjua tabia yake.

Jambo hili ndilo lililoruhusiwa na sharia. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliwatoa katika katazo mbwa wa mifugo, wa kuwinda na wa shamba, na anayefuga asiyekuwa hao hupungukiwa na thawabu zake kila siku kadiri ya kirati, na katika riwaya nyingine kirati mbili. Katika Suratul Maida, aya ya 4, imehalalishwa nyama iliyokamatwa na wanyama waliofundishwa kuwinda. Kuhusu mbwa wa kulinda nyumba, Imamu Nawawi ameeleza kuwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yetu ya Shafii ni kujuzu, kwa kukisiwa na hao watatu, kwa kuwa sababu ni moja, nayo ni haja. Basi anayeogopa wezi kwa haki ana njia. Ama anayefuga mbwa ili asifiwe, au kwa kuiga tu, huyo hana hoja.

Tusisahau upande wa pili. Kweli mbwa kwetu ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Lakini unajisi si ruhusa ya dhulma. Wako miongoni mwetu wanaowaacha watoto wao wampige mawe kila mbwa apitaye, wakidhani hiyo ni dini. Je, hawakusikia habari ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamghufiria? Na mbwa aliyepigwa na kufungwa na njaa mchana kutwa ndiye azidiye ukali.

Sasa tuje kwenye dhamana. Abu Daud amepokea kwamba ngamia wa Al-Baraa bin Azib aliingia katika shamba la watu akaliharibu. Mtume akahukumu kuwa mchana wenye mashamba walinde mashamba yao, na usiku wenye wanyama wawajibike kwa wanyama wao. Na katika Minhaj, Imamu Nawawi ametaja paka ambaye imejulikana kuwa ni mzoefu wa kuharibu ndege au chakula cha watu: kwa kauli sahihi zaidi mwenyewe hulipa, ikiwa ni usiku au mchana. Ikiwa haya ni ya paka na kuku, yatakuwaje ya mbwa na mtoto wa mtu?

Huenda mtu akasema: Hadithi imesema jeraha la mnyama halina fidia. Twamjibu kuwa maulamaa wamelieleza hilo kwa mnyama aliyeponyoka bila ya uzembe wa mwenyewe. Anayejua kuwa mbwa wake huuma, kisha akaacha lango wazi, huyo amezembea.

Serikali nazo zimefika hapo hapo. Uingereza ilitunga sheria ya mbwa wa hatari mwaka 1991, ikapiga marufuku aina nne. Na tangu tarehe 1 Februari 2024, katika England na Wales, kumiliki mbwa wa aina ya XL Bully bila ya cheti cha kusamehewa ni kosa. Umoja wa Falme za Kiarabu ulitoa sheria yake mwaka 2016, na huko mbwa hutakiwa leseni na kamba. Kenya ina Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365.

Maradhi hayo ndiyo hatari kubwa kuliko meno yenyewe. Katika watu 100 waliopatwa na kichaa, mpaka 99 huambukizwa na mbwa. Na dalili zikisha kudhihiri, kupona ni nadra mno. Kenya imejiwekea mpango, tangu 2014, wa kuyaondosha ifikapo 2030, na njia yake ni kuwachanja mbwa, wasiopungua 70 katika kila 100. Aliyeumwa na aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akachanjwe. Kumpeleka kwa mwenye hirizi na makombe, na kungoja, ni kumpeleka kaburini.

Kwa ufupi, anayefuga mbwa mkali yampasa mambo matano: awe na haja ya kweli; amchanje kila mwaka; amlishe, amnyweshe na amfundishe; asimtoe nje ila kwa kamba, na mdomo umefungwa ikiwa ni mwumaji; na akidhuru, alipe pasipo kungoja kushitakiwa. Asiyeweza haya na asifuge. Mchungaji wa Gotu hulala na mbwa wake ili kondoo wapate usalama. Haifai mtu wa mji alale salama kwa mbwa wake, na jirani yake asipate usingizi.

Wabillahi tawfiq.