Kuacha Kiti cha Ndege kwa Malipo

Limeletwa darasani kwetu swali ambalo masheikh waliotutangulia hapa Amu hawakuulizwa, kwa kuwa safari zao zilikuwa za jahazi na za miguu. Swali lenyewe ni hili: mtu amelipa nauli, ameshika tikiti yake, amevuka kwa mashua mpaka kiwanja cha ndege cha Manda. Alipofika akaambiwa kuwa abiria ni wengi kuliko viti, na kwamba atakayekubali kusafiri kesho atapelekwa bila ya kulipa tena na atapewa fedha juu yake. Je, fedha hizo ni halali? Mmoja katika waulizaji alikhofu kuwa ni riba, kwa sababu ametoa kidogo na amerudishiwa zaidi. Wa pili aliona zina harufu ya rushwa. Wa tatu alisema kuwa kila kitolewacho na kampuni kichukuliwe, wala hapana la kuuliza.

Kitu hakihukumiwi kabla ya kujulikana, basi na tuanze kwa kuijua biashara yenyewe. Mwenye ndege amejua kwa mazoea ya miaka kwamba katika watu mia walioandikisha safari baadhi yao hawatatokea: huyu ameuguliwa, huyu ameghairi, na yule ameandikisha kwa makampuni mawili akangoja kuona ipi itamfaa. (Na huyu wa mwisho yuko hapa hapa kwetu, na hajioni kuwa ana lawama!) Kiti kinachoruka kitupu hakiwekwi ghalani kikauzwa kesho, thamani yake imekwisha pale ndege inapoacha ardhi. Kwa hivyo mwenye ndege huuza tikiti kupita viti alivyonavyo, akitumai kuwa wasiotokea watalingana na waliozidi. Siku nyingi hisabu hutimia na hapana ajuaye. Siku ambayo wote wametokea, ndipo siri hutoka nje.

Sisi watu wa pwani tabia hii twaijua kwa sura nyingine. Nahodha mwenye tamaa hamwachi mtu ufukoni. Huwapakia wote, na deni likalipwa baharini. Meli ya Spice Islander iliyozama baina ya Unguja na Pemba usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ilikuwa imepakia watu wengi mno kuliko iliyoruhusiwa, na mamia wakafa. Ndege haina "jibane kidogo, ndugu yangu." Viti vyake vimehisabiwa, na aliyeuza kupita kiasi hana budi kumkabili mnunuzi uso kwa uso na kumwambia kuwa nafasi yake haipo. Linalobaki ni kujua nani atakayeachwa, na kwa njia gani atachaguliwa.

Kwa miaka mingi njia ilikuwa ni kuamua kwa nguvu: aliyechelewa kufika, au asiye na wa kumtetea, ndiye aliyeachwa. Mwaka 1968 mtaalamu mmoja wa uchumi wa Marekani, Julian Simon, alitoa shauri ambalo makampuni hayakulikubali. Alisema waulizwe abiria wenyewe, kila mmoja aseme ni kwa kiasi gani yuko radhi kubaki, na wachukuliwe wale waliotaka kidogo. Kisha tarehe 28 Aprili 1972 mwanasheria Ralph Nader, ambaye wazazi wake walihamia Marekani kutoka Lebanon, alikwenda kupanda ndege ya kampuni ya Allegheny kutoka Washington kwenda Hartford, akakuta nafasi aliyokwisha kuithibitisha haipo. Aliletewa fidia ya kawaida akaikataa, akashtaki. Na mashtaka yake hayakuwa ya kiti tu, bali ya kufichwa: kwa nini hamkuniambia kuwa mnauza msichonacho? Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya nchi ile iliamua kwamba dai lake la kufichwa laweza kusikilizwa na mahakama. Miaka miwili baadaye serikali ikayalazimisha makampuni yatafute kwanza watu wa kubaki kwa ridhaa na malipo, kabla ya kumzuia yeyote asiyetaka.

Na ulimwengu ulikuja kuona linalotokea ridhaa inapoachwa. Tarehe 9 Aprili 2017, katika mji wa Chicago, abiria wa ndege iliyokuwa ikisafiri kwa jina la United walitakiwa watoke watu wanne ili wapande wafanyakazi wa kampuni. Zikatajwa dola 400, kisha 800, hakusimama mtu. Badala ya kuongeza, kampuni ilichagua majina. Mmoja wao, David Dao, daktari wa miaka 69, alikataa akisema ana wagonjwa wanaomngoja. Askari wa kiwanja wakamburura baina ya viti mbele ya watu, akavunjika pua na kupoteza meno mawili. Baada ya fedheha hiyo kampuni ilitangaza kuwa yaweza kutoa mpaka dola 10,000 kwa abiria atakayekubali kubaki. Basi fedha zilikuwapo; ila walitaka kwanza kujaribu njia iliyo rahisi kwao.

Katika Umoja wa Ulaya yako masharti yaliyoandikwa, nayo ni kanuni nambari 261 ya mwaka 2004. Kampuni hutakiwa iwaite kwanza wenye kukubali, kwa malipo watakayopatana. Asiyekubali akazuiwa kwa nguvu hulipwa yuro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, na mpaka yuro 600 kwa safari za mbali zipitazo kilomita 3,500, pamoja na chakula, malazi, na khiari ya kurudishiwa nauli au kusafirishwa kwa njia nyingine. Kiasi hicho chaweza kupunguzwa nusu iwapo kuchelewa kwake si kwingi. Kanuni hii humlinda kila anayeondoka katika nchi hizo, hata akiwa si mwenyeji wa huko. Wenye watoto Ulaya wawajulishe, kwani wengi hupewa karatasi ya chakula wakashukuru wakaenda zao.

Hapa Kenya, kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata khabari anazozihitaji, kulindwa masilahi yake, na kulipwa hasara iliyotokana na huduma yenye kasoro. Serikali inayo Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na malalamiko hupelekwa huko kwa maandishi. Wengi wetu hulalamika barazani tu, na baraza halina mhuri.

Lakini tusimdhulumu mwenye ndege. Baadhi ya ndege zinazotua Manda ni ndogo, na kwa ndege ndogo uzito una hukumu yake. Rubani akisema kuwa kwa joto la leo na mizigo hii abiria mmoja lazima abaki, hilo ni jambo la kuhifadhi roho za watu, na halifanani na kuuza kiti kimoja mara mbili. Hata sheria ya Marekani imeutenga uzito katika ndege zenye viti visivyozidi 60. Aliyebaki kwa uzito ana haki ya kusafirishwa. Ila asimwite rubani mwongo.

Sasa turudi kwenye hukumu. Tikiti ni mkataba wa ijara: umenunua manufaa, nayo ni kufikishwa mahali fulani kwa wakati fulani. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imamu Shafii wameigawa ijara sehemu mbili. Iko ya kitu maalumu, kama kukodi ngamia huyu unayemwona. Na iko iliyo katika dhima, kama kumwambia mtu akufikishe mji fulani kwa ngamia yeyote atakayemtoa. Katika namna hii ya pili, ngamia mmoja akifa, mwenye kukodisha hasemi "shughuli imekwisha". Humpasa alete mwengine, kwani deni liko juu yake mwenyewe. Tikiti ya ndege huelekea namna hii ya pili. Kwa hivyo asikudanganye mtu dirishani kwa kukwambia: "Viti vimejaa, chukua nauli yako nenda." Viti vimejaa, lakini dhima haikujaa wala haikumwagika. Na aliyejitwika dhima akijua kuwa huenda asiitimize, kisha akaficha, ameingia katika ghushi, nayo Mtume (S.A.W.) ameikataza kwa maneno mazito. Dawa yake ni kumwambia mnunuzi mapema.

Ikiwa haki hii ni mali yako, basi una khiari nayo. Waweza kuishika, waweza kuisamehe, na waweza kuiachia kwa badali. Wanavyuoni wamejuzisha mpangaji aliyekwisha kukabidhiwa nyumba amkodishe tena mwenye nyumba yule yule, wala hawakusema kuwa akipata zaidi ya alichotoa amekula riba. Riba ni ziada katika mkopo, au katika kubadilishana fedha kwa fedha. Wewe hukuikopesha kampuni. Ulinunua safari, na leo unauza wakati wako na nafasi yako kwa anayeihitaji. Ama rushwa, hiyo ni mali itolewayo ili haki ya mtu ibatilishwe au batili ipitishwe. Anayepokea badali ya haki yake mwenyewe, hadharani, kwa mkono wa kampuni iliyomuuzia, hakuingia katika hilo.

Lakini nitaje ilipo rushwa ya kweli, kwa kuwa muulizaji wa pili hakukosea kunusa. Alikosea mahali tu. Mkubwa amefika bila ya tikiti, au tajiri ametia kitu katika kiganja cha mwandishi wa dirishani, na jina la mzee wa watu likafutwa. Mzee hajui Kiingereza. Anapewa karatasi, anaonyeshwa pa kutia sahihi, anaambiwa ndege imeharibika. Karatasi ile imeandikwa kwamba amebaki kwa khiari yake! Hapo mwandishi amekula haramu, aliyempa amekula haramu, na aliyekaa katika kiti kile huku anajua ni mshirika wao. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume (S.A.W.) alimkataza mtu kumwinua mwenziwe mahali pake kisha akakaa yeye, akaamrisha watu wafanyiane nafasi. Na Ibn Umar mwenyewe, hata alipoinukiwa na mtu kwa heshima, hakuwa akikaa mahali pake.

Basi sharti la fedha hizi kuwa halali ni ridhaa, na ridhaa haiwi bila ya kujua. Kabla ya kusema "ndiyo" uliza: nitaondoka lini, na je, nafasi hiyo imethibitishwa au nitawekwa katika orodha ya kungojea? Nitalala wapi, na kwa gharama ya nani? Malipo ni fedha taslimu au ni hati ya safari nyingine, na hati hiyo mwisho wake lini? Hati isiyojulikana masharti yake ina gharari ndani yake, na kwa Mwamu asafiriye mara moja kwa mwaka huenda ikawa karatasi ya kufungia kashata.

Mtu wa Nairobi akiachwa na ndege hupanda gari akarudi kwake. Wetu sisi hurudi kwenye mashua. Akitaka njia ya bara, avuke mpaka Mokowe ashike barabara ya Garsen, ambayo watu wetu hawajasahau shambulio la Nyongoro la Januari 2020. Aliye na miadi ya hospitali kesho asubuhi anaweza kuikosa kwa sababu ya siku moja tu. Kwa hivyo nasema: mwenye mgonjwa asiuze kiti, hata akitajiwa kiasi gani. Na kiti cha mgonjwa si chake anayemsindikiza, wala kiti cha mtoto si cha babake akiachie kwa faida yake mwenyewe. Walii hutumia haki ya mdogo kwa masilahi ya mdogo. Mfanyakazi aliyelipiwa tikiti na afisi, wakati wa kazi, awaulize wakubwa wake kabla ya kukubali, kwa sababu siku anayoiuza ni yao.

Ikitokea kuwa aliyekosa nafasi ni mgonjwa, au mtu anayewahi maziko, na wewe unakwenda kutembea tu, hapo kuna daraja ya juu kuliko malipo, nayo ni kumpisha bure. Hiyo ndiyo ithari waliyosifiwa Ansari katika Suratul Hashr. Hata hivyo fahamu kuwa Imamu Suyuti, katika kitabu chake cha al-Ashbah wan-Nadhair, ametaja kanuni kwamba kumtanguliza mwenzio katika ibada hakupendezi, na katika mambo mengine kunapendeza. Basi mwenye kwenda kuhiji hija ya faradhi asiiweke khatarini kwa ajili ya yuro wala kwa ajili ya ukarimu.

Wako vijana wanaokata tikiti siku za sikukuu, wakijua ndege itajaa, si kwa kusafiri bali kwa kutumai kulipwa wabaki. Huyu hakununua safari; ameongeza msongamano ili auze nafasi ya kupumua. Siwezi kumwambia kuwa chumo lake ni safi.

Limebaki jambo dogo ambalo muulizaji wetu hakulitaja, nalo ni nauli ya mashua. Aliyekubali kubaki atavuka kurudi Amu leo, na kesho atavuka tena kwenda Manda. Gharama hiyo imeletwa na aliyeuza kupita viti vyake, kwa hivyo na itajwe pale pale dirishani pamoja na malipo mengine, kabla ya sahihi, maana nahodha wa mashua hatakwenda kuidai Nairobi.