Ukumbusho wa Noeli kwa Muhuri wa Mpira



Kila mwaka Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana ikaribiapo, wako Wakristo wanaohuzunika kwa kuwa hawana fedha ya kununulia zawadi. Wako na wagonjwa na wazee wasioweza kufika kanisani. Mmoja wao alituambia tulipomzuru baada ya sikukuu, "Mchungaji, niliposikia kengele nilidhani nimekwisha kusahauliwa." Neno lile lilituchoma moyo, maana ni kweli hatukumpelekea kitu. Basi twawaletea somo la kutengeneza ukumbusho wa gharama ndogo, yaani alama ya kuwekwa ndani ya Biblia.

Vitu vitakiwavyo: karatasi ngumu nyeupe, kifutio cha shule au soli laini ya kandambili kuukuu, wembe, kibao kidogo, gundi, wino wa muhuri, na kitambaa cha pamba. Karatasi yenye urefu wa sentimita 30 na upana wa 20 hutoa alama 8, kila moja sentimita 15 kwa 5.

Kazi yenyewe ni hii:

1. Choreni nyota juu ya mpira, isizidi sentimita 3.

2. Kateni kandokando ya mchoro kwa wembe, mkiondoa mpira wa nje kwa kina cha milimita 3, nyota ibaki imeinuka. Watoto wadogo wasiushike wembe.

3. Bandikeni mpira juu ya kibao kwa gundi, mwache ukauke.

4. Kunjeni kitambaa, mkiweke katika kisahani, mkitie wino kidogo. Wino ukizidi, mchoro huharibika.

5. Gusisheni muhuri katika kitambaa, mwubonyeze karatasini pasipo kuusogeza, kisha mwuinue wima. Jaribuni kwanza juu ya karatasi isiyo na kazi.

Angalieni ya kuwa muhuri hugeuza kila kitu: kushoto huwa kuume. Nyota na msalaba havibadiliki, bali herufi hutoka kinyume. Sisi wenyewe tulichonga neno AMANI pasipo kufikiri, likatoka INAMA, na herufi ya N imepinduka. Watoto walicheka, nasi tukacheka; lakini baadaye tuliwaza ya kuwa hata kosa lile lafundisha. Mamajusi walianguka wakamsujudia Mtoto (Mathayo 2:11). Atakaye amani ya Bethlehemu na ainame kwanza horini. Basi maneno yaandikeni kwa mkono.

Wala muhuri si kitu kigeni kwetu Walutheri. Katika barua ya mwaka 1530, Martin Luther alieleza maana ya muhuri wake: msalaba mweusi ndani ya moyo mwekundu, moyo ndani ya ua jeupe la waridi, ua katika rangi ya mbingu, na pete ya dhahabu kuzunguka yote. Ua lile, alisema, laonyesha ya kuwa imani huleta furaha, faraja na amani.

Ninyi walimu, fanyeni kazi hii pamoja na vijana katika siku za Majilio. Nyuma ya kila alama andikeni Luka 2:11 na jina la mpokeaji. Jina lisisahauliwe, kwa kuwa ndilo litakalomwambia mgonjwa ya kuwa yeye naye ametiwa muhuri wa Roho (Waefeso 1:13), naye yu kiungo cha usharika. Tena mpelekeeni kabla kengele haijalia.