Kwa baiskeli kutoka Mabawe hadi kivuko cha Ruvuvu

Swali: Safari ya baiskeli ya kutwa kutoka Mabawe wilayani Ngara, kwa njia za changarawe na msitu, ikivuka mto Ruvuvu, hupangwaje?

Jibu: Ratiba huanzia kwenye kivuko, kisha umbali. Vivuko vya serikali huendeshwa na Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA), na saa za huduma huulizwa siku moja kabla. Mto ukifurika au injini ikiharibika, kivuko husimama. Safari ya mwisho ya kurudi ndiyo inayoamua saa ya kugeuza baiskeli.

Ngara iko mbali magharibi, hivyo jua huchomoza na kuzama karibu nusu saa nyuma ya Dar es Salaam. Kuondoka saa kumi na moja alfajiri ni kuendesha gizani. Juni hadi Agosti ndiyo miezi mizuri. Masika hugeuza udongo mwekundu kuwa utelezi, na milima hiyo haina huruma kwa breki zilizolika. Tairi pana, tyubu ya akiba, viraka na pampu visikose.

Kuingia msitu wa hifadhi huhitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Kitambulisho nacho ni lazima: mpaka wa Burundi u karibu.