Matango Si Mtaani Kwenu: Kujibu Swali la Riwaya kwa Ushahidi



Katika somo hili tutashughulikia kosa moja tu. Ni kosa linalowapokonya alama wanafunzi wanaoielewa riwaya vizuri. Nimelikuta mara nyingi katika madaftari ya wanafunzi wa Kayole, Dandora, Umoja na Mathare: mtahiniwa anaulizwa kuhusu kitabu, naye anajibu kwa habari za mtaani kwao.

Kwanza tukumbushane mtihani wenyewe. Karatasi ya tatu ya Kiswahili, 102/3, ni ya fasihi. Ina alama 80 na huchukua saa mbili na nusu. Unajibu maswali manne, kila moja alama 20. Swali la kwanza ni la lazima, na sehemu linakotoka hubadilika mwaka hadi mwaka. Hayo mengine matatu unayachagua kutoka sehemu nne zilizobaki, wala huruhusiwi kujibu mawili ya sehemu moja. Kwa hivyo usithubutu kuacha kitabu hata kimoja ukitumaini kwamba hakitakuja.

Kosa lenyewe

Katika mtihani mmoja wa majaribio niliuliza swali hili kuhusu Nguu za Jadi ya Clara Momanyi:

"Mangwasha ni mtetezi wa haki. Thibitisha." (alama 10)

Msichana mmoja aliandika kurasa mbili. Alieleza jinsi tingatinga lilivyofika alfajiri, jinsi mabati yalivyokunjwa kama karatasi, na jinsi mama yake alivyosimama mlangoni akikataa kutoka. Nilisoma nikashindwa kuendelea kusahihisha. Nilijua hakuwa anabuni. Ilikuwa mwaka wa 2024, baada ya mafuriko, nyumba za kando ya Mto Mathare zilipokuwa zikibomolewa.

Nilimpa alama 3 kati ya 10.

Alikuja kwangu macho mekundu. Akaniuliza, "Mwalimu, kwani nimesema uongo?" Nilimwambia hapana, kila neno lilikuwa kweli. Lakini swali lilimuuliza kuhusu Mangwasha, naye akanijibu kuhusu mama yake. Mtahini ana mwongozo wa kusahihisha mbele yake. Katika mwongozo huo mna Mangwasha, Lonare, Mrima na Matango. Mama yake hayumo. Hata mtahini akiguswa namna gani, hana mahali pa kuiweka alama.

Kubomolewa kwa makao si jambo geni Eastlands. Muoroto ilibomolewa mwaka wa 1990. Mukuru kwa Njenga ilibomolewa mwaka wa 2021 kupisha barabara. Kwa hivyo unaposoma jinsi Waketwa wa Matango wanavyopoteza makao, unaelewa upesi kuliko mwanafunzi ambaye hajawahi kuhamishwa. Hiyo ni faida yako, mradi ujue pa kuitumia.

Hatua tatu za hoja moja

Kila hoja unayoiandika iwe na hatua tatu.

1. Hoja. Taja jambo unalothibitisha kwa sentensi moja, ukitumia maneno ya swali.
2. Ushahidi. Toa tukio kutoka kitabuni: nani alifanya nini, wapi, na kwa nani.
3. Maelezo. Onyesha jinsi tukio hilo linavyothibitisha hoja yako.

Tazama jibu hili dhaifu:

"Mangwasha ni mtetezi wa haki kwa sababu ni jasiri. Wanawake wa siku hizi ni jasiri na hawaogopi viongozi. Hata mtaani kwetu akina mama hupigania haki zao."

Hoja ipo. Ushahidi haupo. Jina la Mangwasha likiondolewa, jibu hili laweza kuwa la kitabu chochote.

Sasa tazama hili:

"Mangwasha anatetea haki za Waketwa waliofurushwa Matango. Ingawa ni sekretari wa Chifu Mshabaha, anayeshirikiana na watawala, yeye hachagui upande wa mwajiri wake. Anashirikiana na Lonare kuwatetea watu wake. Hili ni utetezi wa haki kwa kuwa anahatarisha kazi inayomlisha yeye na watoto wake, hasa wakati ambapo mumewe, Mrima, amezama katika ulevi."

Hesabu majina ya wahusika na mahali katika jibu hilo. Kisha itazame sentensi ya mwisho. Mwanafunzi wengi hawafiki hapo. Wanasema Mangwasha "anasaidia watu", wanatua. Anayejua maana ya kupoteza kazi huku kodi ya nyumba inangoja ndiye anayekumbuka kuuliza: mama huyu anahatarisha nini? Hapo ndipo maisha yako yanapokufaa. Mtaa ukufundishe kuuliza, lakini kitabu ndicho kijibu.

Nilimweleza msichana yule hivyo. Nikamwambia achukue riwaya, na kwa kila sentensi aliyoandika kuhusu mama yake atafute tukio la Matango linalofanana nayo. Kama halipo, aifute sentensi. Kama lipo, aandike tukio hilo mahali pake. Alirudi baada ya siku mbili na hoja sita. Nne zilikuwa kamili. Mbili zilikosa ushahidi, nikamrudisha tena kitabuni.

Swali la dondoo

Tabia hiyohiyo itakusaidia katika swali la dondoo. Ukiambiwa "Eleza muktadha wa dondoo hili" (alama 4), taja mambo manne: msemaji, msemewa, mahali, na sababu au hali iliyozua maneno hayo. Usiseme tu "ni Yona anaongea na Sara" katika Bembea ya Maisha. Wahusika hao wanazungumza zaidi ya mara moja. Onyesha wako wapi na ni jambo gani limewafikisha kwenye maneno hayo. Usipofanya hivyo, mtahini hawezi kujua kama umelitambua dondoo au umebahatisha.

Lugha

Sheng ni lugha yetu ya Eastlands, na sikuambii uione haya. Lakini usiilete katika 102/3. Usiandike kwamba Sagilu ni "msee wa mapesa". Andika kwamba ni tajiri mwenye tamaa, kisha utoe tukio linaloonyesha tamaa hiyo.

Muda

Una dakika 150. Tumia 5 kusoma maswali yote na kuchagua. Kila swali lipe dakika 35. Dakika 5 za mwisho pitia ulichoandika na uhakikishe umeandika nambari za maswali. Ukijikuta umeandika kurasa nne za swali moja, acha nafasi uende kwa linalofuata. Swali usiloligusa ni sufuri ya alama 20.

Mahali pa kusomea

Najua wengi wenu mnaishi chumba kimoja na wadogo zenu, redio ya jirani ikisikika kama yenu. Maktaba za umma za Kaloleni na Makadara ni zenu pia. Enda na mwenzako mmoja, kila mmoja na riwaya yake. Mmoja ataje hoja, mwingine afungue kitabu na kutafuta ukurasa wenye ushahidi. Mkishindwa kuupata, hoja hiyo haitawapa alama Novemba.

Zoezi

1. Soma tena jibu zuri hapo juu. Sentensi isemayo kwamba Mangwasha "anashirikiana na Lonare" bado ni ya jumla. Tafuta katika riwaya tukio moja mahususi la ushirikiano huo, kisha uiandike upya. (alama 2)
2. "Ulevi unabomoa familia." Thibitisha kwa hoja tano ukimrejelea Mrima katika Nguu za Jadi. (alama 10)
3. Chukua insha yako ya mwisho ya fasihi. Pigia mstari kila sentensi isiyo na jina la mhusika, mahali au tukio. Amua ipi ni maelezo ya kweli na ipi ni maneno ya kujaza ukurasa. Hizo za kujaza ukurasa zikate.

Fanya zoezi la tatu leo, kabla hujalala.