"To" au "For"? Vihusishi vya Kiingereza vinavyotuchanganya



Mwezi Novemba, Kanisa linapowaombea marehemu, nia na matangazo ya Misa ya Kiingereza huwa mengi, na kihusishi kimoja kinaweza kugeuza imani yetu. Tukiandika "we pray for the dead", tunawaombea marehemu. Tukiandika "we pray to the dead", tunawaomba wao, na wanaotushutumu kwamba tunaabudu wafu watakuwa wamepata ushahidi wa maandishi.

Chanzo kimojawapo ni neno letu "kwa". Tunasali kwa Mungu, tunakata mkate kwa kisu, tunasafiri kwa basi, tunakaa kwa mjomba. Mwingereza hapo atatumia "to", "with", "by" na "at". "For" nayo mara nyingi haina neno lake kwetu, imejificha ndani ya kitenzi, katika kauli ya kutendea: omba, ombea, pika, pikia. Basi tuanze na kitenzi cha Kiswahili. Mtakatifu tunamwomba: "to". Mgonjwa tunamwombea: "for". Kipimo hiki hakifai kila mahali, maana "andikia" ni "write to" na "kimbilia" ni "run to", lakini kwa sala hakitutupi.

Kwa mahali, -ni yetu husema kwa jumla tu. Altare inatusaidia kuona tofauti. Kikombe kiko "on the altar", kwa kuwa kimegusa uso wake. Padre yuko "at the altar", yaani amesimama hapo. Masalia ya watakatifu katika altare nyingi za zamani yako "in the altar", yamefungiwa ndani ya jiwe. Asiyeamini kwamba vihusishi vina uzito amweke padre "on the altar", kisha waumini wamtafute juu ya meza.

Wakati ni rahisi zaidi: saa huchukua "at", siku "on", mwezi na mwaka "in". Kwa hiyo "in Sunday" haipo.

Sisi tunaosoma falsafa tuangalie sana "believe". "I believe him" ni kukubali kwamba asemayo ni kweli. "I believe in him" ni kumtegemea na kujikabidhi kwake. Mtakatifu Agostino aliitofautisha imani ya namna hizi kwa Kilatini, na Mtakatifu Thoma wa Akwino akaupokea mgawanyo huo katika Summa Theologiae. Kuna pia "believe that", kusadiki kwamba jambo lipo. Hiyo hata mashetani wanayo, kadiri ya Yakobo 2:19. Katika mtihani, anayeandika "believe that God exists" na anayeandika "believe in God" hawajajibu swali moja.

Vitenzi vingine havitaki kihusishi. "Discuss about" tunaisikia kila siku, pengine kwa sababu sisi huzungumza "kuhusu" jambo. Sahihi ni "discuss the matter". Vilevile "emphasize the point", bila "on".

Zoezi: "Padre alituombea kwa Mungu kanisani siku ya Jumapili." Jibu: "The priest prayed to God for us in the church on Sunday." Kama alisalia uwanjani, nje ya mlango, andika "at the church".